Anwani Zinazohama Baada ya Radi

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kazi. Nilipewa kiti, na mbele ya kiti kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha meza chenye maua. Hii ilikuwa Bukoba mjini, katika ghala la shirika la misaada lililokuja wakati wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipokuwa wakiingia mkoani kwetu. Mahindi, maharage na mablanketi yalipita kwetu kwenda kambini. Kompyuta ilikuwa imekuja na mtaalamu mgeni aliyeugua malaria akarudishwa kwao kabla hajamfundisha mtu yeyote.

Mkuu wa Ghala aliniambia nihakikishe hakuna anayeigusa.

"Hata wewe usiiguse," alisema.

"Sasa mzee, nailinda ili iweje?"

"Ili ikiharibika nijue ni nani."

Niliigusa wiki hiyohiyo. Vijana wanaoniuliza nilisomea wapi hawalipendi jibu langu, kwa sababu sikusomea popote. Niligundua kwamba ukiandika jina la amri, kisha mstari wa mshazari na alama ya kuuliza, kompyuta yenyewe inakueleza amri hiyo inafanya nini. Hivyo ndivyo nilivyosoma: niliiuliza mashine habari zake, nikaandika majibu nyuma ya fomu chakavu za mablanketi, na jioni nikarudisha kitambaa chenye maua kama kilivyokuwa, ua kwa ua, ili Mkuu wa Ghala asijue.

Niseme pia nilikuwa mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Nilikuwa kijana mwoga aliyejificha nyuma ya usahihi. Nilinawa mikono kabla ya kugusa kibodi. Amri ya mstari mmoja niliisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu kutoka mwisho hadi mwanzo, ndipo nikabonyeza. Vita vya Kagera vilinikuta mtoto, na somo nililolipata tulipokuwa tukilala migombani ni kwamba mtu usiyemjua akikuuliza nani anaishi nyumba ile, jibu ni kwamba hujui. Nilikua nikiamini kila swali lina nia nyuma yake. Halafu nikapata ajira ya kuuliza maswali.

Wakimbizi waliporudi kwao shirika lilifunga ofisi, nami nikachukuliwa na mradi wa afya. Ilikuwa miaka ya ukimwi, tena sehemu ya pili ya miaka hiyo, dawa za kufubaza virusi zilipoanza kufika na watu wakaacha kwenda mazikoni kila wiki. Kagera tulizika sana. Kuna vibanja ambavyo hata leo ukipita unaona migomba imezeeka bila mwenyewe. Mradi ulikuwa na vituo kadhaa, kikubwa kikiwa Muleba na kingine upande wa Kashozi, na kila kituo kilipata dishi la setilaiti na kompyuta chache. Faili zote za wagonjwa zilikaa kwenye kompyuta moja kubwa, tunayoiita seva, katika ofisi yetu ya Bukoba. Kituo kikitaka faili, kinaliomba kwa seva.

Mkubwa wangu alikuwa Mratibu wa Mkoa, mtu mrefu aliyevaa viatu vilivyong'aa hata wakati wa mvua. Aliniita akaniambia, "Mutalemwa, nataka kujua kila kompyuta iko wapi na ina anwani gani, na sitaki uende huko kuangalia. Gari si la kuangalia namba."

Hapo inabidi nieleze kidogo. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao ina anwani mbili. Ya kwanza ni anwani ya IP, namba ambayo kompyuta nyingine huitumia kuiita. Hiyo inaweza kubadilika, kwa sababu mara nyingi hugawiwa na ruta, kile kisanduku kinachounganisha ofisi na dishi. Ya pili ni anwani ya MAC, ambayo imewekwa kiwandani ndani ya kadi ya mtandao na haibadiliki mpaka ubadilishe kadi. Mtu anayetunza mtandao anatakiwa kuzijua zote mbili, pamoja na anwani ya ruta yenyewe, ambayo ndiyo mlango wa kutokea.

Niliandika skripti. Skripti ni faili la kawaida la maandishi lenye amri zilizopangwa, na kompyuta inazitekeleza moja baada ya nyingine bila mtu kukaa pale. Yangu ilisoma orodha ya majina ya kompyuta, ikaliita jina la kwanza kuona kama lipo hai, na likiitika ikaliuliza: anwani yako ya IP ni ipi, ya MAC ni ipi, ruta yako ni ipi? Majibu iliyaweka kwenye mstari mmoja yakitenganishwa kwa mkato, kisha ikaenda jina linalofuata. Yanasemwa kwa urahisi, lakini yalinitesa. Mwanzoni skripti ilikufa ilipokutana na kompyuta iliyozimwa, kama karani anayegonga mlango mmoja uliofungwa akaamua kurudi nyumbani. Kompyuta zenye kadi mbili, moja ya waya na moja isiyo ya waya, zilileta mistari miwili, na nilihangaika kuifundisha ichague kadi iliyo hai. Nilipomaliza ilijiendesha yenyewe kila Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nikiichapa orodha ile na kuitazama kama mtu mwingine anavyotazama picha ya harusi yake.

Huko vituoni hakuna aliyeipenda. Karani wa takwimu wa Muleba alikuwa Kokugonza, binti wa Kishanda, kijiji cha upande huohuo, ambaye kila mtu alimwita Koku. Alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa ulimi. Siku niliyokwenda kuandaa kompyuta yake iweze kujibu maswali ya skripti, alisimama nyuma yangu muda wote.

"Kaka, hicho kitu chako kinaona ninachoandika?"

"Hapana. Kinasoma namba za kompyuta tu."

"Ndivyo mnavyosema."

"Kweli, dada. Hakijui hata kama umekaa hapa."

"Basi kitaandika nini nikienda kula?"

"Namba zilezile."

"Kitu kisichojua kama nipo au sipo, halafu Bukoba wanakiamini," alisema, na kuanzia siku ile kila nilipofika Muleba aligeuza kioo cha kompyuta kikaangalia ukuta.

Nilimwona mkaidi. Lakini kuna jambo nililijua ambalo lingenifanya nimwelewe, nami sikulihusisha na kazi yangu. Enzi zile watu hawakupimwa karibu na kwao. Wa Bukoba walipanda basi kwenda Muleba, wa Muleba walipanda basi kuja upande wa Bukoba, na hapo katikati ya barabara mabasi yalipishana yakiwa na watu waliokuwa wakikimbia macho ya jirani zao. Wavuvi na wachuuzi wa samaki wa kisiwa cha Goziba walivuka ziwa na kusema wanakwenda kununua nyavu. Nami nilivuka. Nilipimwa mbali na nyumbani, nikiwa nimevaa kofia, na majibu yangu ni yangu. Umbali ndio uliokuwa siri ya watu, na kazi niliyoajiriwa kuifanya, kwa ustadi wote niliokuwa nao, ilikuwa kuufuta umbali huo. Tangu tulipounganisha vituo, faili la Kashozi lilifunguka Muleba kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Sasa kulikuwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Muleba, ambaye pia aliongoza kwaya ya usharika wake wa Kilutheri. Alichukua dawa upande wa Kashozi, kwenye Wakatoliki watupu, mahali ambapo hakuna ambaye angemtambua sauti. Siku moja mdogo wake alifika ofisini kwetu, akakataa kiti, akamwambia Mratibu kwamba habari za kaka yake zimezagaa kijijini. Wazazi walikuwa wakinong'ona getini mwa shule. Mwalimu ameapa hatachukua dawa tena popote pale.

"Kaka yangu hakumwambia mtu," alisema. "Mke wake tu na mimi. Kwa hiyo limetoka kwenye mashine zenu."

Mratibu alifunga mlango akaniita. Seva yetu iliandika kila faili lilipofunguliwa: namba ya faili, saa, na anwani ya IP ya kompyuta iliyoomba. Haikuandika jina la mtu, kwa kuwa kila kituo kilitumia jina moja la kuingilia. Watu walikuwa wakisahau manenosiri na Mratibu alichoka kupigiwa simu. Tulikuta faili la mwalimu limefunguliwa mara moja kutoka Muleba, Alhamisi alasiri, na anwani iliyoomba iliishia na kumi na nne.

"Kumi na nne ni nani?" Mratibu aliuliza.

Nilitoa orodha yangu ya Jumatatu, ile niliyojivunia. Kumi na nne ilikuwa kompyuta ya Koku.

"Si yule anayegeuza kioo?"

"Ndiye."

"Mtu asiye na la kuficha hageuzi kioo," alisema.

Kesho yake Koku aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Hakuambiwa uchunguzi wa nini, kwa sababu Mratibu aliogopa kulitaja faili lenyewe, na hakuna mwingine kituoni aliyeambiwa. Mlinzi alimpekua mkoba getini mbele ya foleni ya wagonjwa, akatoa kanga, chupa ya maji na kitabu cha nyimbo, akavirudisha kimoja kimoja. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kumalizika. Mratibu alitaka maelezo ya kitaalamu yenye sahihi yangu, yanayosema kompyuta iliyofungua faili ni ya Kokugonza, na baada ya hapo asingeajiriwa tena, si kwetu wala kwenye mradi wowote wa afya mkoani. Nani angemwajiri karani wa siri za watu aliyefukuzwa kwa kutoa siri?

Niliandika maelezo. Yalikuwa mafupi na hayakuwa na kosa. Sikuweza kuyatia sahihi.

Nisijisifu hapa, haikuwa huruma. Ilikuwa ni ile tabia yangu ya kusoma mstari kutoka mwisho kwenda mwanzo. Niliendesha skripti tena siku hiyo, ambayo haikuwa Jumatatu, ili tu nione orodha ikirudia maneno yake. Haikurudia. Kumi na nne sasa ilikuwa kwenye kompyuta ya stoo ya dawa, na ile ya Koku, ambayo mtu mwingine alikuwa akiitumia, ilikuwa na kumi na moja. Nilitazama safu ya MAC. Kadi zilikuwa zilezile, kila moja kwenye kompyuta yake. Anwani za IP ndizo zilizohama.

Mawazo yangu yalikwenda mabaya moja kwa moja. Niliona mtu mjanja Muleba anabadilisha anwani kwa makusudi ili kumsingizia Koku. Kisha nikashuku ruta. Kisha nikaishuku skripti, kisha nikajishuku mwenyewe, kwamba labda nilipanga safu vibaya tangu mwanzo. Nilipiga simu kituoni. Kijana wa stoo aliipokea.

"Kuna mtu amehamisha kompyuta huko?"

"Hakuna."

"Amegusa waya?"

"Kwani kuna nini?"

"Nauliza tu."

"Aah, na Koku mlimuuliza tu," alisema, na simu ikakatika. Nilipopiga tena iliita bila kupokelewa.

Nikapanda basi kwenda Muleba bila kumuaga Mratibu. Nilipoingia kituoni watu waliinamia kazi zao. Mlinzi aliniamkia kwa heshima iliyozidi. Nilikaa kwenye kiti cha Koku nikafungua kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza nilihisi jinsi inavyokuwa kutazamwa mgongoni na watu wanaosema wanafanya kazi zao.

Saa sita ilipopita wingu jeusi lilipanda kutoka upande wa ziwa. Yeyote aliyeishi kwetu anajua radi za Kagera. Huua ng'ombe malishoni na watoto darasani. Mtu mmoja alisema, "Inakuja," na kituo kizima kikasimama kwa pamoja kama waumini. Walichomoa kila kitu. Si umeme tu: walichomoa waya za mtandao kutoka kwenye kompyuta, wakachomoa ruta ukutani, wakafunika vioo kwa kanga na makoti. Tangu radi ilipounguza kadi mbili za mtandao walikuwa wamejiwekea desturi hiyo, na hakuna aliyeona sababu ya kuieleza Bukoba, kama ambavyo huwezi kumweleza mtu kwamba mvua ikinyesha unaanua nguo.

Mvua ilipopita walichomeka tena. Kijana wa stoo aliwahi. Halafu mapokezi. Halafu nami, kwenye kompyuta ya Koku. Niliangalia anwani niliyopewa. Haikuwa kumi na moja tena.

Nilielewa nikiwa nimeshika waya. Ruta ile ya bei rahisi ilipokosa umeme ilisahau nani alikuwa na anwani ipi. Iliporudi iligawa upya kwa kufuata aliyewahi kufika. Orodha yangu ya Jumatatu ilikuwa kweli mpaka radi ya kwanza. Baada ya hapo ilikuwa karatasi iliyopangwa vizuri.

"Alhamisi ile kulinyesha?" niliuliza chumba kizima.

Waliendelea kukunja kanga na makoti. Kisha Ma Paskazia, mshauri nasaha, mama mtu mzima ambaye alishika mikono ya watu wengi kuliko padri yeyote wakati wakipewa majibu, alisema kutoka mlangoni, "Mwanangu, wewe ni wa hapahapa. Kuna Alhamisi gani ya masika haikunyesha?"

Kompyuta huweka kumbukumbu zake zenyewe za matukio: imewashwa saa ngapi, imekosa mtandao saa ngapi, imepata anwani ipi. Watu wachache huzisoma kwa sababu zinachosha. Nilizunguka kompyuta moja hadi nyingine nikisoma za Alhamisi. Ya Koku alasiri ile ilikuwa na anwani nyingine kabisa. Kumi na nne nilikuja kuikuta kwenye chumba kidogo chenye pazia, kwenye meza ya Ma Paskazia.

Nakiri kwamba niliogopa zaidi kuliko nilipoambiwa ni Koku. Nilifunga mlango. Niliuliza kama mtu anayekanyaga utelezi.

"Ma, Alhamisi ile, kuna faili la Kashozi ulilifungua?"

"La mwalimu? Nililifungua."

Alisema hivyohivyo, huku akikunja pazia.

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mmekuja hapa mnatafuta mwizi, mkampekua Koku kanga. Nilijua kimeibiwa kitu. Kuna aliyeniuliza habari za mwalimu?"

Hakuna aliyemuuliza. Tulikuwa tumeitunza siri ya uchunguzi kuliko siri ya mgonjwa. Akanieleza taratibu. Tangu vituo viunganishwe, kompyuta yake ilimwonyesha watu wa Muleba waliokosa tarehe ya dawa popote mkoani. Aliliona jina la mwalimu, akafungua faili kuhakikisha, akaona amekosa kweli. Kumbe ilikuwa wiki ya mitihani, mwalimu alishindwa kusafiri. Mama wa watu akaona vema amfuate nyumbani amkumbushe.

"Nilikaa naye kidogo tu," alisema. "Mbele ya watu sikutaja dawa. Tulizungumza kahawa na kwaya."

"Ulikwenda na nini?"

"Pikipiki ya mradi."

Aliliachia pazia. Nadhani ndipo alipolisikia jibu lake mwenyewe. Wilaya nzima ilimjua Ma Paskazia na wilaya nzima iliijua pikipiki ile nyeupe yenye nembo, kwamba husimama mlangoni mwa wanaotumia dawa. Hakuna aliyefungua mdomo. Hakuna aliyeuza jina. Wema ulikwenda mchana kweupe na ukasimama mbele ya nyumba ya mtu.

"Yesu wangu," alisema, akakaa.

Jioni nilimweleza Mratibu. Nilimwekea mezani kumbukumbu za kompyuta zote nne, mistari ya Alhamisi ikiwa imepigiwa alama. Alisoma, kisha akageuza karatasi ile ya maelezo yangu isiyo na sahihi.

"Kwa hiyo orodha yako inadanganya."

"Haidanganyi, mkuu. Inajua kompyuta ilikuwa na anwani gani Jumatatu asubuhi. Sisi ndio tulioiuliza habari za Alhamisi."

"Na ingejua Alhamisi?"

"Ingejua kompyuta. Mtu isingemjua."

Alivua miwani. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mtu mbaya, na mambo hayo mawili vijana wengi huyachanganya. Alisema kesho tutachukua gari la mradi twende Kishanda, amrudishe Koku kazini yeye mwenyewe, kwa heshima. Ma Paskazia, aliyekuwa amekuja nami Bukoba na kukaa kwenye benchi, alinyanyua kichwa.

"Baba, ukipeleka gari lile Kishanda, kesho kutwa watasema binti wa Ta Laurian anatumia dawa."

Tulikwenda kwa basi. Kutoka barabarani tulitembea kati ya migomba, Mratibu akiruka madimbwi na viatu vyake, mpaka kwa Ta Laurian, yaani Mzee Laurian, baba yake Koku. Mzee alitukaribisha bila kutabasamu. Alituletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi, akahakikisha kila mmoja amechukua, halafu akasema, "Sasa mmekula kwangu. Semeni."

Mratibu alisema. Alieleza kosa lilivyotokea, akaomba radhi, akatoa barua.

Koku hakuipokea. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu cha kumenyea ndizi mkononi.

"Barua nitaisoma mimi, waitu," alisema, kwa heshima ya Kihaya. "Wale walioniona nikipekuliwa getini hawataisoma."

"Unataka tufanye nini?" Mratibu aliuliza.

"Nitarudi Jumatatu, saa foleni imejaa."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwepo getini."

Ta Laurian alitafuna kahawa yake akaangalia migomba yake. Niliona bega lake linatikisika, nikajua anacheka.

Jumatatu ile nilikuwepo. Foleni ilifika hadi barabarani. Koku alishuka kwenye basi na mkoba uleule, na Mratibu wa Mkoa alitoka kumpokea nje ya geti, akamsalimia kwa mikono miwili, akaubeba mkoba wake hadi mezani. Mlinzi alisimama wima kama siku ya sikukuu. Koku alikaa, akawasha kompyuta, akanitazama, akageuza kioo kikaangalia ukuta.

Kiufundi, yaliyofuata ni mepesi kueleza. Niliipa kila kompyuta anwani ya kudumu, ili radi ipige itakavyo. Skripti niliibadilisha iwe inakusanya anwani mara nyingi kwa siku, na iandike saa kando ya kila mstari. Anwani isiyo na saa ni uvumi. Kila mtumishi alipata jina lake la kuingilia, na mimi ndiye niliyepigiwa simu za manenosiri yaliyosahaulika. Lakini kazi kubwa ilikuwa kumshawishi Mratibu tufunge. Nilimwomba kituo kione faili zake tu, na ile orodha ya waliokosa dawa ibaki kwenye kituo walichokichagua wenyewe, hata kama kiko mbali na kwao, hasa kama kiko mbali na kwao. Aliniambia nimetumia miaka kuunganisha na sasa naomba kukata. Nilimjibu ndiyo. Alitia sahihi. Nilijifungia mlango huo na mimi mwenyewe. Kuanzia hapo hata mimi wa Bukoba, mwenye funguo za seva, sikuweza kufungua faili la mtu.

Baadaye mradi ulikabidhiwa serikalini nami nikaenda nao. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengine wengi, wenye shahada na wasio nazo. Mitandao imekuwa mikubwa, na vijana wa siku hizi wanaandika kwa mistari michache kitu kilichonichukua mwezi. Wakinionyesha orodha zao nzuri ninawauliza mvua ikija huko watu hufanya nini. Wananiona mzee ameanza kupotea. Ninakubali pia kwamba woga haukuniisha. Bado nasoma ujumbe wa simu mara mbili kabla ya kuutuma, na mgeni akiniuliza njia ya kwa jirani, kwanza namuuliza anatokea wapi.

Nilistaafu kwa hiari. Waliniandalia hafla ndogo Bukoba, ndizi na samaki na hotuba mbili, na Koku alikuja kutoka Muleba. Alikuwa sasa mkuu wa takwimu wa kituo, mwenye makarani chini yake na miwani puani. Tulikaa pembeni. Kuna jambo lilikuwa limenikaa rohoni miaka yote, kwa sababu nilikuwa nimejifungia mwenyewe njia ya kulijua, na mtu wa aina yangu hapendi nafasi tupu kwenye orodha.

"Koku," nilisema, "leo mimi si mtumishi tena. Yule mwalimu alirudi kwenye dawa?"

Alikuwa anatoa mwiba wa samaki. Alimaliza kuutoa.

"Mwalimu gani?"

"Yule mwalimu mkuu. Wa kwaya."

"Kaka, Muleba walimu wakuu ni wengi," alisema, "na wote wanaimba."

Nilimtazama usoni nikitafuta chochote. Alinisogezea soda, akaniuliza kama kiti kinanitosha.